Mbuzi wa Faini

Igalula, Jumamosi usiku

Heri ningenyamaza. Mume wa mdogo wangu Nyamizi amemvunja mkono, nami nikamshtaki kwa wazee wa kijiji. Niliomba Nyamizi akae kwangu mpaka apone. Balozi wa nyumba kumi akanijibu, "Mama, ndoa haivunjwi kwa kofi."

Kofi!

Wakamtoza bwana faini ya mbuzi. Akaenda zizini, akamkamata mbuzi wa Nyamizi, aliyemlea mwenyewe tangu mdogo. Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Nyamizi akampika kwa mkono mmoja. Wazee wakala, wakasifu amani ya kijiji chetu cha ujamaa.

Tulipokuwa tunaosha masufuria akaniambia polepole, "Dada, usinisemee tena. Nimebakiwa na mbuzi mmoja tu."