Lenzi Uliyonitumia Nimeiuza

Studio ya Picha, Chumba Na. 6,
Nyuma ya duka la vitambaa,
S.L.P. 417.
Jumatano, tarehe 9 mwezi wa saba

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mama ananiuliza kila akiniona, utadhani hilo goti nakaa nalo mimi. Sisi huku, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Shemeji yako yuko kwenye cherehani yake kama kawaida.

Nimesema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu, Kaka, uko chini sana. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeichana. Leo nimesali kwanza ndipo nikashika kalamu. Ile lenzi uliyonitumia nimeiuza.

Vuta pumzi, kisha uendelee kusoma.

Unajua ilivyonitunza. Ule ukumbi ninaopigia picha za harusi taa zake ni hafifu, kama umeingia ghalani. Lenzi yako ilikuwa inaona penye giza bila flashi, nyuso zinatoka laini kama Mungu alivyoziumba. Miaka sita mwenye ukumbi akipata maharusi anawaambia neno moja tu: nendeni kwa Mama Picha.

Sasa sikia nilivyopotea. Sisi wapiga picha tuna tabia moja. Tukisikia lenzi mpya inakuja, tunakimbilia kuuza ya zamani kabla mpya haijatangazwa, maana ikishatangazwa, ya zamani inashuka bei. Kuna mwenzetu tunamwita Profesa. Habari zote za vifaa anazo, ila picha zake watu hawana vichwa. Yeye alituapia kwamba lenzi inayokuja ni nyepesi, gizani inaona kuliko yangu, na bei yake ni ya watu kama sisi. Nikaamini. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikamuuzia yangu Tabasamu, yule mwenye studio karibu na kituo cha mafuta, tunayemwita hivyo kwa sababu anawaamuru wateja watabasamu hata kwenye picha za pasipoti.

Shemeji yako aliniuliza, "Mke wangu, unauza kitu kilichoko mkononi kwa kitu ambacho hata hakijatajwa jina?" Nikamwambia ashone nguo zake, mambo ya lenzi aniachie mimi.

Na bei niliiombea, Kaka, usinicheke. Kila asubuhi nilikuwa namtajia Mungu kiasi ninachokiweza, kama vile Yeye ndiye mwenye kiwanda.

Siku ya kutangazwa tulikutana saa nne asubuhi kwenye duka la kusafishia picha, watu tisa mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Lenzi ikatokea, inazungushwa taratibu, inang'aa. Tukapiga makofi. Halafu ikaja bei. Mwenye duka akasema, "Ngojeni jamani, hiyo si ni namba ya simu?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama bwana harusi naye yumo humo ndani. Mmoja akamgeukia Profesa: "Hebu tutajie, hao watu kama sisi ni akina nani?" Profesa akaanza kueleza kwamba ina vioo kumi na vinane, na kazi ya kila kioo. Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nikakaa juu ya katoni la karatasi za picha. Ndipo nilipoelewa kwa nini wenzangu wanataniana. Wao lenzi zao wanazo. Mimi peke yangu ndiye niliyeuza.

Balaa halikuishia hapo. Kwa kuwa mpya haikamatiki, kila mtu alizigeukia za zamani, nazo badala ya kushuka zikapanda. Mchana uleule nikaenda kwa Tabasamu na bahasha yake, hata noti moja haijatoka. Aliniwekea kiti, akaniambia kwa upole, "Mama Picha, nakuheshimu kama dada yangu. Lakini ungekuwa mimi, ungerudisha?" Nikairudisha bahasha mkobani. Bahasha ipo, nzima, na hainunui ile wala hii.

Harusi iliyofuata nilipiga kwa lenzi yangu ndogo na flashi. Nyuso zilitoka nyeupe kama zimemwagiwa unga, na nyuma yao giza, kama watu wameoana kisimani. Mama wa bibi harusi alizitazama moja moja mpaka mwisho, akanirudishia. "Mbona humu hatumo?" Hakugomba. Afadhali angegomba.

Siku ya nne baada ya harusi hiyo mwenye ukumbi alikuja mwenyewe hapa studio, kofia mkononi, akaniambia maharusi sasa anawapeleka kwa Tabasamu. Simlaumu. Juzi naye Tabasamu akaja. Ukumbi ule haujui vizuri, anataka mtu anayezijua kona zake amshikie taa pale lenzi inapohitaji msaada. Nimekubali. Naanza Jumamosi.

Nakuomba jambo moja kwa jina la Mungu: usinitumie nyingine. Nakufahamu, utataka. Ile uliipata kwa kufanya kazi siku zako zote za mapumziko, mwaka mzima, na goti hilohilo. Nikishika nyingine ya jasho lako sitaweza hata kuifungua kifuniko. Kusali nasali bado, ila siku hizi nikishashukuru naishia hapo. Kuomba kumenishinda.

Mama hajui, naye ukimpigia simu usimwambie. Anakusalimu sana, na shemeji yako, na wapwa zako wote watatu. Yule kinyozi rafiki yako naye kila siku anauliza utakuja lini. Mkumbatie wifi kwa niaba yangu. Na wanangu nibusie mmoja mmoja. Wakikuuliza shangazi yao anafanya kazi gani, usiwaambie tena mpiga picha. Waambie anashika taa.

Mwenyezi Mungu akufunike, akuponye goti, akulinde utokapo na urudipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuomba radhi.