Mume Wangu Amekiri Kutuma Pesa Ambazo Hakuzituma

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana hili nimelibeba peke yangu na limenishinda. Mume wangu ni mwokaji mikate, anakanda usiku na kulala mchana, kwa hiyo simu yake hushinda na mimi dukani, namba yake ya siri naijua, anayetuletea unga namlipa mimi, na miaka yote hiyo hatujawahi kukwaruzana kwa sababu ya pesa. Juzijuzi nikiwa kaunta ikaingia meseji kwenye simu yake kwamba pesa zimetumwa kutoka akaunti yake ya benki kwa mtu nisiyemjua, nikapiga benki papo hapo, dada wa huduma kwa wateja akapokea malalamiko yangu, akanipa namba ya kumbukumbu na kuniambia akaunti inafungwa, kumbe wapi, hata mteja niliyekuwa naye sijamaliza kumfungia mkate ikaingia meseji ya pili, na safari hiyo walikomba karibu zote, akiba yetu ya tanuri jipya. Mume wangu alipoamka nikamweleza huku nalia, akanifuta machozi akasema, "Yaishe, mama. Tutatafuta nyingine."

Kumbe kesho yake alikwenda benki kimyakimya akawaambia miamala yote miwili aliifanya yeye, eti alikuwa amesahau! Nimejua leo benki walipopiga simu yake nikapokea mimi, wakasema malalamiko yamefungwa kwa sababu mwenye akaunti amekiri. Mshauri, wiki moja kabla nilimwomba pesa za kumsaidia kaka yangu akakataa, akasema tanuri kwanza. Sasa ndiyo naelewa: anaamini pesa nimemtumia kaka yangu halafu nikatunga hadithi ya wezi, naye ameamua kunifichia aibu. Tangu siku hiyo ananibembeleza kama mgonjwa, ananiwekea mkate ulioiva ganda ninavyopenda, nami nautafuna huku roho inaniuma. Nikisema, ataonekana mwongo mbele ya benki, nikinyamaza, nitaishi naye kama mwizi aliyesamehewa. Nifanyeje?

Mke wa Mwokaji

* * *

Mke wa Mwokaji, pole sana, mdogo wangu. Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikatamani kumvuta mumeo masikio. Amekudhania wizi, na bado akaenda kukukingia kifua! Wengine wangeshaitisha kikao cha ukoo mzima. Anakupenda, hilo halina ubishi, ila waliofaidi mapenzi hayo mpaka sasa ni wezi.

Nisikilize vizuri. Pesa zikitoka bila ruhusa ya mwenye akaunti, benki huuliza nani aliruhusu na wao walijulishwa lini. Mumeo aliposema "ni mimi", alijitwisha hasara yote, nao hawakuona sababu ya kumbishia. Muamala wa kwanza ulipita kabla hujatoa taarifa, na hapo watawabana, hasa wakisikia namba ya siri mnaijua wawili. Msiwafiche hilo. Lakini ule wa pili, tena ndio mkubwa, ulipita wakati wameshaambiwa na wameahidi kufunga. Huo wana la kujibu.

Na wewe acha kujiliza na mkate mdomoni. Eti ataonekana mwongo! Ataonekana mume aliyekurupuka, na benki wameshaona mengi kuliko hayo. Kila siku mnayonyamaza, kauli yake inazidi kukomaa.

Mwamshe leo hii, hata kama ndiyo kwanza amelala. Usimpigie kelele. Mwambie, "Baba, sikuchukua mimi," kisha mwonyeshe zile meseji mbili na namba ya kumbukumbu uliyopewa kabla ya ile ya pili kuingia. Badilisheni namba ya siri kabla hamjatoka nyumbani. Nendeni benki wote wawili, aandike kwamba anafuta kauli yake na aseme kwa nini aliitoa, nanyi mdai malalamiko yafunguliwe upya. Wakiwazungusha, ombeni jibu lao kwa maandishi mlipeleke kwa wanaosimamia mabenki. Siwaahidi kwamba zote zitarudi.

Najua ataona aibu, huenda hata akalia. Mwache amalize, mkumbatie, kisha umwambie hivi: siku nyingine akikushuku, aje kwako kwanza, benki baadaye.