Sentensi Aliyoirudia Baba

Jumanne, 20 Agosti 2019

Niko Pearland, Texas, kwa Mama Mghoi. Nje jua linachoma lami, lakini mimi nimejifunga leso mabegani na bado natetemeka. Nimelia mpaka kichwa kinagonga.

Baba alifariki Alhamisi. Sijaweza kuliandika mpaka leo.

Kwa wasiomjua: alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nakuru, Mtaita aliyeoa Mkamba. Nyumbani kwetu Kiingereza kilikuwa cha mezani, Kiswahili cha jikoni. Kidawida, lugha ya Wataita, kilikuwa chake na dada zake tu, wakija kututembelea. Shuleni kwake, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, na jioni akachapwa. Mimi bintiye sikuwahi kukivaa. Nilijivunia hilo miaka mingi.

Mama alipokufa nilimleta Baba hapa Texas, tukaishi wawili kwenye apartment yangu Euless. Ugonjwa wa kusahau ulimnyang'anya Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Kufikia Juni mwaka huu alibaki na Kidawida peke yake. Mimi nina salamu tu.

Mwezi huohuo nilianza somo la fasihi ya kisasa ya Ayalandi chuoni. Nililichagua kwa sababu halikugongana na shifti yangu ya mizigo airport. Profesa, mama wa makamo ambaye ukoo wake umetoka huko, alitusimulia kwamba nyanya wa nyanya yake alivishwa kijiti shingoni akiwa shule. Kila alipotamka neno la Kiayalandi, kijiti kilichongwa alama, na jioni alama ziligeuka viboko.

Nilikauka kitini.

Tukasoma jinsi waandishi wa nchi ile walivyobishana walipokuwa wakidai uhuru wao. Wengine walisema taifa lililopoteza lugha yake limebaki bendera na wimbo tu. Wengine wakasema Kiingereza kimeshakuwa chao, watakipinda mpaka kitoe sauti ya kwao. Insha yangu iliunga mkono hawa wa pili. Niliandika kwamba lugha ikibadilika roho ya watu haifi, inavaa tu nguo nyingine. Mfano wangu alikuwa Baba.

Niliandika kwamba kila siku, akiwa kwenye kiti chake sebuleni, hunishika mkono na kuniambia sentensi moja ileile. Kwamba maneno siyaelewi lakini baraka naielewa. Profesa aliandika pembeni kwamba aya hiyo ilimtoa machozi.

Nilifurahi. Wacha niseme ukweli, nilifurahi sana.

Mama Mghoi ni muuguzi, na ndiye Mtaita pekee ninayemjua Texas nzima. Mara mbili alinipigia: "Wawuda, hebu mpe mzee simu tuongee Kidawida kidogo." Mara zote mbili nikamwambia amelala. Hakuwa amelala. Niliona aibu ajue kwamba binti wa mwalimu anahitaji mkalimani kwa babake mwenyewe.

Lakini sentensi ile nilikuwa nimeirekodi kwenye simu. Leo nime-drive kwa muda wa karibu saa tano kuja anitafsirie, ili isomwe kwenye ibada ya Jumamosi kule Cedar Hill kabla mwili haujasafirishwa nyumbani. Tulikaa jikoni, nikabonyeza. Sauti ya Baba ikatoka, taratibu. Halafu yangu: "Ndiyo, Baba. Asante, Baba."

Mama Mghoi akaomba kusikia tena. Kisha akaiweka simu kifudifudi.

"Alikuwa anakuambia hivi kila siku?"

"Kila siku. Ni baraka, si ndiyo?"

Akanishika mkono.

"Niambie tu, Mama."

"Anasema, 'Nasikia baridi, mama. Nifunike.'"

Kiti cha Baba kilikuwa chini ya tundu la AC. Mimi ndiye niliyekiweka pale, nikidhani namwokoa na joto la Texas. Hakuwa akitetemeka. Mikono yake ilikuwa ya baridi, nikasema ni uzee.

Daktari alisema ni moyo. Mama Mghoi ameniambia mara tatu kwamba baridi haikumuua. Najua. Ninachokililia ni zile wiki zote mzee aliomba blanketi akapewa asante.

Nimejaribu kumkasirikia Baba, aliyenifungia mlango wa lugha yake. Hasira haikai. Namwona tu pale kitini, anangoja.

Nimemwandikia Profesa kwamba aya ile haikuwa kweli na ningependa kuiondoa. Hajajibu.

Tangu saa kumi Mama Mghoi ananifundisha kusema kwa Kidawida, "Baba, sikukuelewa." Nataka niiseme kaburini kule kwao Wundanyi, mbele ya dada zake. Ulimi unakwama kwenye neno la pili. Ananirudisha mwanzo, wala hachoki. "Tena, mwanangu," anasema. "Tena."

Kuna jambo moja sijathubutu kumuuliza hata yeye, maana hawezi kulijibu.

Kila nilipokuitikia "ndiyo" kisha nikachukua funguo nikaenda kazini, Baba, ulijua kwamba sikuelewa? Au ulidhani nimekataa?