Zuhura na Mikono ya Nyuma ya Gari Letu

Jumapili, Same. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya wali. Nimetoka kanisani na sura ya upole, ila moyoni sina upole hata wa kuazima.

Nina wivu. Nimeshaandika, sasa napumua.

Mume wangu ana gereji ubavuni mwa nyumba yetu, karibu na barabara kuu. Anatengeneza magari ya watu, na akipata upenyo anarudi kwenye lake. Ni gari jekundu la Kijapani, la milango minne, amelishusha chini na kulitia injini yenye hasira. Likipita mjini vijana wanageuza shingo. Mimi halijawahi kunitia wivu, maana gari halicheki.

Zuhura anacheka.

Zuhura ni mfanyabiashara wa nguo, anakwenda na kurudi Tanga kwa gari lake mwenyewe, nalo limeshushwa na linanguruma vilevile. Siku ya kwanza alikuja kubadilisha oili. Akamkuta mume wangu, Baba Elia, amelala chini ya gari jekundu, analalamika kwamba tairi za nyuma zinaliwa upande wa ndani. Akainama, akachungulia, akasema tatizo ni mikono. Yaani vile vyuma vinavyoshika tairi la nyuma na kulifunga kwenye fremu. Gari likishushwa, tairi zinalala kwa ndani, na mikono ya kiwandani hairefuki wala haifupiki ili kuzisimamisha. Inabidi kununua ya kurekebisha, inayoweza kurefushwa na kufupishwa.

Tangu siku hiyo wana mazungumzo yasiyokwisha. Wanunue ipi, ya chuma kitupu au yenye bushi za mpira? Mimi niko kibarazani na cherehani yangu, napiga pindo za sare za shule, nasikia kila neno na sielewi hata moja. Baba Elia, ambaye mezani kwangu huongea kwa kuguna, pale anaeleza mpaka jasho linamtoka. Hapo ndipo roho iliponiuma. Si kwamba niliwaza mabaya.

Niliwaza. Kwa nini nidanganye hapa?

Wiki nzima nikajitia hamnazo, huku natazama video za mikono ya magari kwenye simu. Mteja mmoja nilimshonea zipu kinyume. Lakini nilielewa. Mikono ya chuma kitupu, kama iliyo kwenye gari la Zuhura, ile inayong'aa, haina bushi, yaani zile pete za mpira. Kwenye ncha zake kuna kiungo cha chuma kinachozunguka ndani ya chuma, kwa hiyo tairi halichezi hata kidogo. Kwa lami ya kwenda Tanga, safi kabisa. Sisi hatuishii kwenye lami. Kila mwezi tunapanda milimani, Mamba, kwa njia ya vumbi, kumchukua mama mkwe na tangawizi zake za kuuza. Mama mkwe anakaa mbele, ndivyo heshima ilivyo kwetu, na mimi nakaa nyuma na magunia. Aisifuye mvua imemnyea. Hakuna mtu anayeijua nyuma ya gari lile kama mgongo wangu.

Jana Zuhura akaja na picha za mikono kama yake. Wakainamia simu moja, vichwa vimekaribiana. Nikaacha kitambaa chini ya sindano, nikaenda.

"Hiyo ya chuma kitupu hapana," nikasema. "Vumbi la Mamba litakula viungo vyake kabla ya masika, na kila jiwe nitalisikia mimi kiunoni. Chukua ya kurekebisha, lakini yenye bushi za mpira mgumu. Halafu kagua kushoto, pale mkono unapofungwa kwenye fremu. Panagonga tukikata kona za kushuka na mzigo."

Baba Elia akachukua tochi, akaingia chini ya gari. Alikaa huko kitambo.

"Bushi ya kushoto imekatika kweli," akasema alipotoka. "Sasa Mama Elia, mbona hukuniambia siku zote?"

"Hukuniuliza."

Nilimtazama Zuhura nikitegemea anune. Nilitaka sana anune. Akacheka kile kicheko chake, akavuta kigoda, akaja kukaa karibu na cherehani yangu. Akaninong'oneza kwamba mikono yake inapiga kelele mpaka hasikii redio, ila anaona haya kumwambia Baba Elia kwa jinsi yeye mwenyewe alivyoisifia. Tukaongea sana. Akanisimulia barabara ya Tanga asubuhi, mkonge huku na huku, vioo kashusha, peke yake, akisimama anapotaka kununua machungwa. Mume wangu alipita na kurudi mbele yetu akitafuta spana aliyokuwa ameishika. Zuhura alipoondoka aliniachia namba yake ya simu. Usiku Baba Elia akaniuliza tulikuwa tunaongea nini muda wote ule. Nikamwambia alale.

Basi imeamuliwa, inanunuliwa mikono niliyochagua mimi. Leo baada ya ibada amewasimulia wanakwaya wenzake kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyenifundisha. Ningepaswa kuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Same.

Wivu bado upo.

Mchana kutwa nimekaa nao nauchunguza, na nimeona nilikuwa naulaza pasipo pake. Mume wangu yupo palepale alipokuwa, anaguna mezani kama kawaida. Ninachomwonea wivu Zuhura ni usukani. Ni zile asubuhi zake na vioo vilivyoshushwa. Mimi najua kila mlio wa gari letu kwa nyuma, na kiti cha dereva nimekikalia nikifuta vumbi ndani tu.

Nataka kuendesha. Nataka kulishusha lile gari kutoka Mamba mimi mwenyewe, kona baada ya kona, na mama mkwe akitaka kufumba macho afumbe.

Mikono inatoka Dar, haijulikani itafika lini, na sitaisubiri. Kesho nikishampa Baba Elia chai nitamwomba anifundishe. Akikataa, namba ya Zuhura ninayo.