Maji ya Kisima Yaliyofukizwa Ubani

Nairobi, chumba cha kuoshea chupa

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana hii ya pili ni ya kujikinga. Humu ndani nitafoka kidogo, na sitaki kufoka kabla sijainama. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka mwenyewe au umeshawagawia majirani? Mahindi yameshika, au mvua imewachezea tena? Na Zaina tumbo linamwendeaje? Dada Zaina, najua wewe ndiye unayemsomea Mama, basi salamu zako zichukue hapohapo, halafu inuka ukafunge mlango. Soma kwa sauti ya chini. Nikipiga simu Mama anaweka spika, nusu ya Misima inasikia na nusu nyingine inasimuliwa. Na nikianza tu kukasirika, anasema, "Mwanangu, mtandao unakatika," na kweli unakatika, kwa kidole gumba chake. Nimeona niandike. Karatasi haina kitufe.

Mimi ni mzima na Nairobi inanipenda. Wewe unajua mwanao nimetembea: nimekula Mombasa, nimelala Lusaka, na Lubumbashi nilifukuzwa kwa heshima zote. Lakini baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye meno. Kiswahili changu hapa ni mali. Mama muuza chai wa nje ya geti ananipa andazi la bure kwa sababu nasema "naomba chai," wakati wenyeji wanamwambia "nipe chai" kama wanamdai. Ugali wao ni mgumu, ukimrushia mtu ni kesi. Lakini nimenenepa, usijali.

Kazi ni ileile ya kuosha chupa za maabara, na unaijua. Sikuficha. Ni wewe uliyewatangazia watu wa Misima kwamba mwanao ni daktari wa maji, na mimi sikukanusha kwa sababu niliona umefurahi, na nikaona na mimi nimefurahi. Halafu si uongo sana. Chupa ikiwa chafu, utafiti wote ni bure, kwa hiyo wale wenye digrii zao wananitegemea mimi kama dereva anavyotegemea breki.

Sasa tuingie kwenye yaliyonifanya nikae juu ya ndoo nikashika kichwa.

Bosi wangu, Daktari Achieng, mama mmoja mpole mwenye miwani minene, anatafuta zile dawa za zamani za kuogeshea ng'ombe. Siyo za siku hizi, zile kali za enzi za Babu. Anazitafuta kwenye majosho yaliyokufa, huku Kenya na huko kwetu. Dawa zile haziozi, Mama. Unaweza kuzifukia, wewe ukazeeka, zenyewe zikabaki vijana. Zinatembea na maji chini kwa chini, zinaingia kwenye mafuta ya mwili, na mama akinyonyesha zinapita kwenye maziwa. Mazinde wameshachukua maji, kwa sababu ni barabarani: mwanafunzi wake alishuka kwenye gari, akachota, akapanda. Lakini Misima nani aende, na mvua imekata njia? Ndipo mimi nikasimama mbele ya wasomi nikasema, "Misima niachieni. Josho bovu liko juu, kisima cha marehemu Baba kiko chini yake, na mama yangu anaaminika kuliko benki."

Nilikuwa na sababu yangu. Sijasahau mapipa ya dawa yaliyofukiwa nyuma ya josho, yale ambayo midomo yake ilikuwa nje ya udongo tukayapiga kama ngoma. Sijasahau harufu ya kisima mvua za kwanza zikinyesha, na mbuzi wetu walivyotupa mimba, tukasema ni jicho la mtu. Nilitaka mashine iseme, tujue.

Ndiyo nikakutumia chupa kwa basi hadi Korogwe, shemeji Bakari akaipokea, na wewe ukairudisha. Nikaibeba mwenyewe mpaka maabara kama nimebeba mtoto wa sultani.

Wana mashine moja kubwa kama friji la bucha. Inachora mistari, na kila uchafu una mlima wake. Maji yetu yakaingia, na mlima wa dawa ya josho haukutokea hata mmoja! Safi! Maji yetu yalikuwa safi kuliko ya bomba la maabara. Nikakupigia hapohapo bila kusubiri mtu amalize kusoma karatasi. Nikasema, "Mama, kisima kimefaulu!" Nikasikia vigelegele, nikajua spika iko wazi kama kawaida. Siku hiyo niliwanunulia chai hata watu nisiowajua.

Wiki iliyofuata Daktari akaniita.

"Athumani, kuja kidogo."

"Nimefika, Daktari."

"Hii maji ya kwenu haina chumvi. Kisima gani ya Handeni haina chumvi?"

Nikacheka. "Hiyo ni baraka, Daktari. Baba alikichimba kwa dua."

"Sawa, baraka. Na hii vilima vidogo huku mwisho ni nini? Sijawahi ona hii kitu kwa maji ya kisima. Hebu nusa chupa."

Mama, wewe mwenyewe shahidi, kisima chetu kina chumvi mpaka sabuni inagoma kutoa povu. Hilo peke yake lingenitosha, lakini furaha ilikuwa imenipanda. Nikaichukua chupa. Nikanusa. Nikaona Iddi. Nikakuona wewe na chetezo mkononi unafukiza nyumba, na Baba anakohoa na kulalamika kwamba unamgeuza samaki wa kukaushwa. Nilitamani sakafu ipasuke niingie mimi na chupa yangu.

"Ni ubani, Daktari," nikasema.

"Ubani iliingia aje kwa maji?"

"Sijui." Na nilijua.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kijana mmoja wa mashine akauliza, "Athumani, mama yako alidhani tunaoa?"

Nikakupigia simu jioni ileile. Nayaandika maneno yako hapa kama ulivyoyasema, ili Zaina awe hakimu.

Nikasema, "Mama, yale maji uliyachota wapi?"

"Kwani yana nini? Yamewaumiza matumbo?"

"Hawanywi, Mama. Wanapima."

"Basi wapime, ni maji safi. Nilichota kwenye tangi la Mzee Semkiwa, linalokinga mvua ya bati lake jipya. Nikachuja kwa kanga ambayo sijaivaa hata siku moja. Nikachemsha. Chupa nikaifukiza."

"Nilikuomba ya kisima!"

"Ya kisima? Haya yanayonuka? Niwapelekee wasomi maji haya, waseme mama yake Athumani ni mchafu? Nilikuzaa, sikukuokota."

"Mama, hao walitaka hayohayo yanay..."

"Mtandao unakatika, mwanangu."

Sasa ningefanya nini? Kukukasirikia wewe siwezi, nitapata laana na hii baridi juu yake. Nikaikasirikia ndoo. Niliipiga teke, na kidole bado kimevimba.

Lakini lililonikata maini siyo kicheko. Shemeji Bakari ameniambia mambo mnayonificha. Ameniambia foleni ya madumu pale kisimani imefika banda la mbuzi. Watu wanatoka mpaka upande wa shule kuja kuchota "maji ya Nairobi." Na wewe umeweka kiti pembeni, unapokea shukrani kama bi harusi. Na wewe Zaina, umekuja kwa Mama kujifungua mimba yako ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu, na Bakari anasema unakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, kwa sababu kaka yako msomi alisema kimefaulu.

Huenda kisima hakina kitu. Sisemi kina sumu. Sijui. Na hapo ndipo panaponiuma: mimi sijui, Daktari hajui, mashine haijui, ila Misima nzima inajua!

Daktari aliifuta Misima kwenye orodha yake. Nilimwona kwa macho yangu akipiga mstari.

"Usiifute, Daktari," nikamwambia. "Iweke pembeni tu."

"Athumani, siwezi andika kwa ripoti kwamba sampuli ilifukizwa ubani."

"Na ikifutika, nani atakuja kufukua yale mapipa?"

Akavua miwani, akaifuta. "Hakuna. Watu wa serikali yenu watapewa ripoti. Mahali hapako kwa ripoti, hakuna mtu atakuja."

Mama, nilimwomba yule mama mpaka Kiswahili kikaniishia nikaingia Kizigua, ambacho haelewi hata neno. Labda ndicho kilichomwingia. Mwisho akasema, "Mara moja tu. Na ikija na harufu ya sherehe yoyote, nimemaliza na wewe." Mwanafunzi wake anafunga kazi, hakuna chupa nyingine baada ya hii.

Kwa hiyo barua hii imesafiri na chupa. Ni ile ya kahawia humo ndani ya boksi. Usiisuuze, usiifukize, usiipanguse kwa kitu chochote, hata kwa upendo. Nimeiosha mimi, na kwa kuosha chupa sina mpinzani Afrika Mashariki. Tumia ndoo yetu na kamba yetu ya kila siku. Teremsha, vuta, jaza mpaka mdomoni, funga. Yakiwa na rangi, yaache na rangi. Yakinuka, yaache yanuke. Bakari atanunua barafu kwa muuza juisi wa Chanika, hapo Handeni mjini, apange boksi, awahi basi la Nairobi pale Korogwe. Na wewe Bakari, najua na wewe umesimama nyuma ya mlango unasikiliza, pikipiki yako usipakie abiria wa pili siku hiyo.

Najua kisima kile ni mkono wa Baba. Aliteremka mwenyewe na sururu, na wewe ulikuwa unavuta udongo kwa ndoo. Kukipima siyo kumtukana. Josho halikuwa lake, na mapipa hakuyafukia yeye.

Na kuanzia leo watu wasinywe mpaka majibu yarudi. Usiniambie utachemsha. Kuchemsha kunaua wadudu, dawa haifi. Najua hapo ndipo moyo utakapokugoma. Utawaambiaje watu, baada ya kukaa kwenye kile kiti? Nimewaza usiku na mchana, na nimekupatia la kusema. Waambie Athumani si daktari wa maji. Waambie ni muosha chupa, na chupa ile ya kwanza aliiosha vibaya, majibu yakaharibika. Kosa ni lake. Mama, kusema niliosha vibaya kunaniuma kuliko jino, lakini sema. Waache wacheke mpaka washike mbavu. Jina langu limezungushwa nchi nne na halijavunjika, halitavunjikia Misima. Lako ndilo linalokaa hapo kila siku, linapita msikitini, linapita sokoni. Lako liache likae kwenye kiti chake.

Nisalimie Mzee Semkiwa wa tangi, na umwombe radhi kwamba mvua yake ilisafirishwa mpaka ng'ambo bila pasi. Msalimie shangazi wa Chanika, muuza vitumbua, mwambie vya huku ni vidogo na vina kiburi. Msalimie mwalimu wangu wa madrasa, bado nakumbuka fimbo na nimekumbuka kidogo na masomo. Wasalimie wote waliopanga foleni, kila mmoja na dumu lake.

Na yale maji yako mazuri, ya bati jipya, ya kuchujwa kwa kanga mpya, usiyatupe. Mwombe Mzee Semkiwa mengine, chuja, chemsha, na mtungi ukitaka ufukize ubani mpaka majirani wapige chafya. Mpe Zaina anywe hayo. Mgeni wa heshima nyumba ile ni huyo aliye tumboni, ndiye wa kumwekea kilicho bora. Mimi si mgeni, Mama. Usinikaribishe. Nitumie yanayonuka.

Ni mimi mwanao wa kuzaliwa, siyo wa kuokotwa,

Athumani,
Muosha Chupa