Vinundu vya Soya Yako

Mpendwa dada,

Kamwene. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayefika huko Makongolosi.

Unaikumbuka wiki ile uliyolala hospitali Mafinga ukimuuguza mwanao Tumaini? Uliniachia soya yako niipalilie. Nilipalilia mistari mitatu tu. Katika wa nne jembe liling'oa mche, nikaona mizizi imejaa vinundu. Nilishtuka. Mwaka uliotangulia nyanya zangu zilivimba mizizi hivyo hivyo, minyoo ikamaliza shamba zima, na niliambiwa dawa yake ni kung'oa na kuchoma. Basi kwa siku mbili niling'oa soya yako yote, nikaichoma, nikajiona nimekuokoa.

Uliporudi hukupiga kelele. Ulichuchumaa penye majivu ukaniuliza, "Ulipasua hata kimoja ukaangalia ndani?"

Nikakujibu mbele ya majirani, "Wewe wa darasa la saba utanifundisha mimi kilimo?"

Walicheka, nami nikacheka nao. Wiki hiyohiyo ulimbeba Tumaini ukaenda huko Makongolosi kuwapikia wachimbaji wa dhahabu, na mimi nikatangazia kijiji kizima kwamba umekimbia jembe.

Msimu uliopita alikuja bibi shamba wa kata. Aling'oa mche wa soya ya jirani, akabandua kinundu, akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu. Akasema humo wanaishi bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wanachukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, na mmea nao unawapa sukari. Ukivuna ukaiacha mizizi ardhini, mahindi ya mwaka unaofuata yanakuta chakula tayari. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulioharibika, haubanduki. Kumbe ndiyo maana mahindi yako yalikuwa yanastawi bila mfuko wa mbolea, nami nikisema una bahati tu.

Dada, niliona aibu hadi chakula kikanishinda. Nilimjua mdudu mmoja mbaya, nikadhani wote wasioonekana ni maadui. Wewe majina yao hukuyajua, lakini ulikuwa unawatunza miaka yote, na mimi niliwachoma kwa kiberiti.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliomba nafasi ya kusema. Niliwaambia wale waliocheka kwamba soya haikuwa na ugonjwa wowote, na kwamba hukukimbia jembe, mimi ndiye niliyekufukuza. Mzee mmoja akaniuliza kama wewe mwenyewe nimekuambia.

Sasa nakuambia. Nisamehe kwa soya, lakini zaidi kwa lile neno la darasa la saba. Uliacha shule ili mimi niendelee, na nililijua hilo nilipokuwa nalitamka.

Mvua zimeanza juzi. Kila mtu ameshapanda. Shamba lako nimelilima, halafu nikaliacha hivyo hivyo, maana sina haki ya kuweka mbegu pale. Wapita njia wakiniuliza linangoja nini, nawajibu mwenyewe yuko njiani. Nalisema kila siku, na kila siku sijui kama nadanganya.

Mdogo wako