Suala la Kumtoa Bw. Loxton Gerezani

CHAMA CHA HATI ZA KUAMINIANA, LONDON
Kikao cha tarehe 14 Novemba 1653, chumba cha juu, nyumba ya pombe ya Kulungu Mweupe

WALIOHUDHURIA
Bw. Ambrose Tindall, muuza vitambaa – Mwenyekiti
Bw. Josias Pell, mwoka mikate
Bw. Giles Wrayford, seremala
Bw. Tobias Hewling – Katibu

ALIYETOA UDHURU
Bw. Barnaby Loxton, mwasisi wa chama (yuko gereza la wadeni)

KUMB. NA. 1/11/53: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, akaomba makaa yaongezwe. Mwenye nyumba alijibu kwamba makaa yake yanalipiwa kwa fedha, si kwa hati zetu. Kikao kiliendelea kwa baridi.

KUMB. NA. 2/11/53: KIFUNGO CHA BW. LOXTON
Mwenyekiti alikumbusha kwamba wazo la chama ni la Bw. Loxton: kwa kuwa fedha imeadimika mjini, kila mwanachama aweke bidhaa ghalani, apewe hati, na wenzake waipokee kama fedha ili biashara ipanuke. Alisikitika kwamba mwasisi amefungwa kwa deni la mkate, shilingi kumi na nane, na aliyemfungisha ni mwanachama, Bw. Pell, baada ya kukataa hati zake.

Bw. Pell alijitetea kwamba msaga unga wake hapokei hati. "Ndugu Mwenyekiti, nina watoto sita. Niwaokee karatasi?"

Bw. Wrayford alisimama bila ruhusa, akamwita Bw. Pell mnafiki. "Siku ya kuzindua chama ulimaliza bata mzima kwa hati hizi hizi. Leo ndiyo zimekuwa karatasi?"

Bw. Pell alitaka neno "mnafiki" lifutwe. Mwenyekiti aliagiza lifutwe. Katibu hajapata nafasi ya kulifuta.

Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba kila mwanachama atapokea hati za chama bila swali, kwamba Bw. Pell apokee za Bw. Loxton, na kwamba barua ya kumfungua iandikwe papo hapo. Wote walitia saini. Bw. Pell alitia ya mwisho, bila kumtazama mtu.

KUMB. NA. 3/11/53: MENGINEYO
Bi. Dorcas, mke wa Bw. Loxton, aliingia. Mwenyekiti alimkabidhi barua kwa furaha. Bi. Dorcas alieleza kwamba mumewe alifariki alfajiri kwa homa ya gerezani, na kwamba ameambiwa aiondoe maiti leo.

Wajumbe walisimama. Bw. Pell alibaki ameketi, amejifunika uso.

Bi. Dorcas aliweka hati zake mezani. "Shemeji Giles, naomba jeneza."

Bw. Wrayford alimpa pole nyingi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama hana fedha hata kidogo, maana mbao hazinunuliwi kwa hati.

"Sasa umenielewa, fundi," alisema Bw. Pell.

Bi. Dorcas alisema: "Kule gerezani alikuwa anawataja kwa majina, shemeji. Alisema nyinyi ndio dhamana yake."

Alisubiri. Mwenyekiti aliangalia dirishani. Katibu naye aliinamia karatasi zake, na anaona aibu kuliandika hili. Bi. Dorcas alizikusanya hati zake, akaiacha barua, akatoka.

KUMB. NA. 4/11/53: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliuliza kama azimio la Kumb. Na. 2 bado linasimama. Hakuna aliyejibu. Limeandikwa kuwa limepita kwa kauli moja.

Wajumbe waliondoka saa tisa na nusu, mmoja mmoja.

A. Tindall, Mwenyekiti ....................
T. Hewling, Katibu ....................